Ng'ombe Aliyeitikiwa

Mwezi wa kumi, Nachingwea na Ruangwa hakuna mnyama mwenye akili timamu. Korosho zimeanza kudondoka, watu wanaokota mbegu na kuyaacha mabibo yaoze chini ya mikorosho, na mbuzi wakishayala yakiwa yamechachuka hutembea upande upande na kugombana na miti. Ng'ombe ndio kabisa. Akimeza bibo bila kulitafuna linamkwama, anatoa udenda na kukoroma, na mwenye ng'ombe anampigia simu daktari Swaumu akiwa keshajipa jibu mwenyewe: kalewa, au kakabwa. Hawakosei sana. Swaumu alikuwa na mwaka wa kumi na nne akiingiza mkono kwenye makoo ya ng'ombe wa wilaya mbili, na kila msimu alitoa mabibo ya kutosha kujaza ndoo.

Alikuwa na duka dogo la dawa za mifugo nyuma ya soko la Nachingwea mjini, pikipiki moja iliyokula vumbi kuliko mafuta, na ulimi usiojua kupumzika. Asubuhi ile alikuwa Nambambo akichanja kuku wasipate kideri, tone moja jichoni kwa kila kuku, huku akiwafokea kina mama walioleta kuku ishirini na kuficha wengine kumi chumbani. Walisikia chanjo inapunguza mayai. Nani aliwaambia? Watu. Hao watu Swaumu aliwatafuta miaka yote kumi na minne na hajaonana nao hata siku moja.

Simu ya Hemedy iliingia hapo. Hemedy alikuwa mkulima wa makamo wa Nambilanje, upande wa Ruangwa, mwenye mikorosho mingi na maneno machache. Alisema ng'ombe wa marehemu kaka yake, Habibu, ana bibo kooni na leo ni siku ya tatu. Yeye mwenyewe jana alijaribu kulitoa, mkono haukufika. Swaumu akamuuliza siku tatu walikuwa wanasubiri nini, ng'ombe aombe ruhusa? Hemedy akajibu kwamba ng'ombe yuko uani kwa mjane, mjane yuko eda, na watu siku hizi hawaendi sana nyumba ile. Hayo ya mwisho aliyasema kwa sauti ya chini.

Sababu yake Swaumu aliipata hapo hapo bila kuitafuta. Alipotaja anakokwenda, mwanamke aliyekuwa amemshikia kuku, Shakila, aliacha kucheka. Akamweleza kwamba Mwanabibi, huyo mjane, alimlisha mumewe limbwata ili amtawale, likazidi kipimo, kichwa cha mwanamume kikaharibika, akafa baada ya siku tatu za kunguruma. Ndivyo inavyosemwa kuanzia Nambilanje mpaka Nambambo.

Swaumu akamwambia kama limbwata lingekuwa linaua, Nachingwea mjini kusingebaki mwanamume hata wa kuswalisha. Kina mama wakacheka, Shakila hakucheka. Swaumu akafunga boksi lake la barafu akaondoka.

Safari ilimchukua saa mbili kasoro. Jua la saa nane lilikuwa limewaingiza watu ndani, na nyumba za mwanzo za Nambilanje zilikuwa zimefunga milango. Nyumba ya Habibu ilikuwa pembeni, imezungushiwa uzio wa mabua ya mtama. Swaumu alizima pikipiki kwenye mkorosho wa njiani, na kabla hajavua kofia akaisikia ile sauti.

Ilianza kama mlio wa ng'ombe yeyote. Katikati ikakatika, ikatokea tena ikiwa imekwaruza na nzito, ikavutika muda mrefu kupita pumzi ya mnyama, ikaishia kwenye kitu kilichofanana na mtu anayetafuta hewa. Swaumu alikuwa amesikia ng'ombe wakizaa, wakichinjwa na wakifa. Hii hakuwa ameisikia.

Halafu, kutoka ndani ya nyumba, sauti ya mwanamke ikajibu, taratibu, kwa adabu, kama mke anavyomjibu mume aliye chumba cha pili.

"Abee."

Hemedy alikuwa nje ya uzio. Hakuwa ameegemea, hakuwa amekaa. Alisimama kama mtu aliyeambiwa asisogee. Swaumu akamwamkia, akaitikiwa, na kabla hawajaendelea ng'ombe akalia tena, na ndani ya nyumba mwanamke akaitika tena. Swaumu akamtazama Hemedy. Hemedy akatazama mikorosho yake. Akasema ni huzuni tu, tangu juzi shemeji yake anafanya hivyo, ng'ombe akilia yeye anaitika, mchana kutwa. Yasmini, binti wa huyo shemeji, angekuwepo angemkanya, lakini alirudi Dar es Salaam baada ya arobaini.

Waliingia uani. Kuku wote wa nyumba walikuwa juu ya bati, mchana ule, juu ya bati linalounguza, wamejipanga hawatoi sauti. Ng'ombe alikuwa jike jeusi mwenye kifua cheupe, jina lake Nusura, hana maziwa kipindi hicho. Alifungwa kwenye nguzo karibu na mlango wa nyuma. Zizi lake la kawaida lilikuwa shambani, lakini mwanamke wa eda hatoki, na ng'ombe alikuwa wake wa kumlisha, kwa hiyo baada ya msiba walimsogeza hapo. Udenda ulikuwa unamning'inia mpaka chini. Miguu ya nyuma ilitetemeka. Ng'ombe mgonjwa humtazama anayemkaribia, hata kwa jicho moja, ajue pa kupigia teke. Nusura hakumtazama mtu. Alitazama mlango.

Glavu ndefu za Swaumu zilikwisha wiki iliyopita na mzigo mpya ulikuwa bado njiani. Mwingine angesubiri. Swaumu alikuwa amesafiri saa mbili juani, ni mwezi wa kumi, ng'ombe anatoa udenda, na mazoea yana taabu. Alimwambia Hemedy amshike pua, akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akaingiza mkono.

Koo la ng'ombe aliye hai hugombana na mkono. Ulimi husukuma, meno ya nyuma hutafuta vidole, misuli hubana, na daktari hutoka na michubuko. Ulimi wa Nusura ulilala tu. Mkono ulipita mpaka kwenye kiwiko bila kuzuiwa, kama unaingia kwenye gunia. Swaumu alipapasa kulia, akapapasa kushoto, akashuka. Hakukuwa na bibo. Hakukuwa na kitu chochote, na koo lenyewe halikujali kama kuna mtu ndani yake.

Hapo ndipo ng'ombe alipolia, mkono ukiwa ndani. Sauti ilimpita Swaumu vidoleni, akaihisi ikipanda kutoka chini, ya moto na yenye kutetemeka, ikatoka nje kupitia kwake. Na nyuma ya mlango, hatua tatu tu kutoka aliposimama, mwanamke akasema, "Abee."

Swaumu alitoa mkono polepole. Tusi alilojitukana mwenyewe kimoyomoyo siliandiki hapa. Alidai sabuni na ndoo ya maji. Alinawa, akanawa tena, akamwamuru Hemedy amwagie maji kwa kata bila kuacha, robo saa nzima, mpaka ndoo mbili zikaisha. Halafu akamnawisha na yeye. Kwenye kifundo cha mkono wa Hemedy kulikuwa na mchubuko mrefu wa jana, wa jino la ng'ombe. Swaumu aliuona, akausugua kwa nguvu zaidi ya inavyofaa kwa mtu mzima.

Yeye Swaumu alikuwa amechanjwa tangu chuoni. Angehitaji sindano mbili za kuongezea na angelala usingizi. Hemedy hakuwa amechanjwa. Wala huyo aliyekuwa nyuma ya mlango.

"Mzee, huyu hakukabwa," alisema. "Hiki ni kichaa cha mbwa. Ng'ombe huyu aliumwa na mbwa lini?"

"Hapa hatuna mbwa," Hemedy alijibu, upesi.

Jibu hilo Swaumu alilijua. Mate ya mbwa ni najisi, na katika vijiji vile mbwa hakanyagi ua wa mtu. Mbwa hukaa shambani, kwenye kibanda, kazi yake ni kufukuza nguruwe pori na ngedere, na anatupiwa ugali kwa mbali. Siku ya chanjo ikitangazwa, hakuna mtu mzima atakayekubali kuonekana anapita kijijini na mbwa kwenye kamba. Ukiuliza huyu wa nani, utaambiwa si wangu, ni wa shamba. Mwaka uliopita Swaumu alikaa siku nzima uwanja wa shule na chanjo mia moja, wakaja mbwa saba, wote wa mwalimu mmoja na mlinzi wa ghala. Kwa hiyo aliposikia "hapa hatuna mbwa" alikasirika kwa mazoea, akaacha, akauliza lililomuuma zaidi: nani mwingine ameingiza mkono mdomoni mwa ng'ombe huyu?

Hemedy alitaja jina lake mwenyewe. Halafu akaelekeza kidevu kwenye mlango. Yeye ndiye anayemlisha, akasema. Tangu ashindwe kutafuna anamnywesha uji wa mtama kwa mkono, asubuhi, mchana na jioni.

Swaumu alipiga hodi, akaingia peke yake.

Mwanabibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, nguo nyeupe, mgongo wima, uso umeelekea mlangoni kama mtu aliyepewa zamu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, mpole wa macho. Swaumu akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, karibu, akamsogezea nafasi. Hakuna kilichoonyesha wazimu. Hilo ndilo lililomtisha Swaumu zaidi.

Akamwomba amwonyeshe mikono. Ilikuwa mikono ya mbangua korosho: mafuta ya maganda yalikuwa yamemchoma vidole miaka mingi, ngozi imepasuka mistari mistari, mingine mibichi. Vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa vinaingia kinywani mwa Nusura mara tatu kwa siku. Swaumu alianza kueleza habari ya mate, ya vidonda, ya hospitali. Nje ng'ombe akalia. Mwanabibi akamnyanyulia kiganja, kama unavyomwomba mtu anyamaze kidogo kuna mwingine anaongea.

"Abee," akasema. Kisha akamrudia mgeni wake. "Endelea, mwanangu."

"Mama, unamwitikia ng'ombe?"

"Anayeniita namjua."

Swaumu ana elimu yake na ana dini yake, na vyote viwili vilimwambia amkemee huyu mama kwa heshima. Akafungua kinywa. Lakini Mwanabibi alikuwa anaendelea kusema, pole pole, kwamba hakuwa anasema ni sauti ya Habibu ile ya kawaida, ya kuongea na watu. Hiyo ya Habibu wa kawaida ilikuwa nyembamba. Hii ni ile ya siku zake tatu za mwisho. Sauti hiyo hiyo, haikuzidi wala haikupungua, mpaka pale inapokatika katikati.

Ndani ya chumba kile chenye joto, Swaumu alihisi baridi ikimpanda miguuni. Sasa aliuliza kwa sauti nyingine kabisa, Habibu alikufaje.

Akaelezwa. Ilianza na kuwashwa muundi wa mguu wa kushoto, palipokuwa na kovu dogo. Siku ya pili akaanza kukataa maji. Kiu anayo, anaomba maji mwenyewe, kata ikimkaribia midomoni koo linaruka na macho yanatoka. Mtu akipita na upepo wa kanga ukamgusa, anashtuka. Mate hayamezeki. Halafu sauti ikageuka. Shemeji Hemedy alileta mganga, mganga akasema ni jini, wanaume wakamfunga kamba mikono, wakamtoa mke nje. Alimsikia kupitia ukutani mpaka aliponyamaza. Leo siku ya hamsini na moja.

"Na hilo kovu la mguu?"

Mwanabibi akasema mwezi wa saba mumewe alitoka shambani akamwambia mbwa amemgusa kwa jino, kidogo tu. Akateka maji, akajitwaharisha kama dini inavyotaka, mara saba, moja kwa udongo. Akatawadha, akasali alasiri. Wakajua yamekwisha.

Swaumu akafumba macho. Maji mengi ndiyo hata yeye angeshauri yatangulie. Mtu alikuwa ametakasika kwa ajili ya swala yake, hilo halina ubishi, na kwa kuwa ametakasika hakuna aliyewaza kwamba kuna kitu kingine kimebaki ndani ya ule mguu kinapanda taratibu kuelekea kichwani. Angekwenda kuchomwa sindano wiki ile, sasa hivi angekuwa juu ya mkorosho anatikisa matawi.

"Mama," Swaumu akasema, "siku zile tatu, mate yake yalikugusa?"

Ng'ombe akalia nje, Mwanabibi akamwitikia. Kisha akapandisha mkono mrefu wa nguo yake. Juu kidogo ya kiwiko cha kulia kulikuwa na alama mbili za mviringo, zimepona na kuacha rangi ya zambarau. Ni meno ya mtu. Alikuwa amemshikia Habibu kata ya maji, akambembeleza anywe, naye akamuuma asiachie mpaka wanaume walipoingia. Hawakuona. Alishusha nguo upesi na hajamwonyesha mtu, hata Yasmini.

"Mume akikuuma siku ya kufa kwake, utamwambia nani?" alisema. "Wanasema nilimpa limbwata. Wallahi sikumpa kitu. Lakini usiku nawaza, kama hakuwa na chuki na mimi, mbona aliniuma? Amekufa hajanipa radhi. Juzi huyu ng'ombe alipoanza kuita kwa sauti ile, nikasema ananitaka. Nitaitika mpaka atosheke. Akinyamaza mwenyewe, nitajua amenisamehe."

Swaumu alimshika yule mama mkono wenye alama, akaushika kwa mikono yake miwili, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. Akamweleza tangu mwanzo, kwa maneno mepesi, kama anavyowaeleza watoto wa shule. Mbwa aliuma mtu, mbwa yule yule akauma ng'ombe, na ugonjwa ni mmoja. Unaingia kichwani, unafunga koo, unageuza sauti, na unamfanya aliyenao aume hata asichotaka kuuma. Sauti ile haikuwa ya Habibu, wala si ya Nusura. Ni ya ugonjwa wenyewe. Mtu akishaanza dalili hakuna dawa duniani. Kabla ya dalili sindano zinauzuia, na hamsini na moja ni siku nyingi mno.

Akachota maji kwenye mtungi, akampa kata. Akamwambia anywe.

Mwanabibi aliipokea. Aliitazama. Swaumu alimtazama koo, na katika maisha yake yote hajawahi kutazama kitu kwa hofu namna ile. Mwanabibi akainua kata, akanywa, akameza, akameza tena mpaka ikaisha, akairudisha. Swaumu akapumua. Akamwambia avae viatu, wanakwenda hospitali ya wilaya sasa hivi.

"Mwanamke wa eda hatoki," ilisema sauti ya Hemedy, nje ya mlango. Alikuwa amesimama hapo, na hakuna ajuaye tangu lini.

Swaumu akamjibu kwamba eda haijamkataza mtu kwenda kuokoa roho yake, hiyo ni dharura, amwite sheikh yeyote wa Ruangwa kwa simu aulizwe. Hemedy akasema sheikh hana haja ya kusumbuliwa. Watu wataona mjane amepakiwa pikipiki kabla eda haijaisha, maneno yaliyopo hayatoshi? Tena huko hospitali wataanza kuuliza-uliza. Alirudia hilo la kuuliza-uliza mara mbili, na sauti yake ilitetemeka. Swaumu aliusikia ule mtetemo. Mtu anayemwogopa Mungu hatetemeki namna hiyo. Huyu alikuwa anaogopa kitu kilicho karibu zaidi. Akasema kwa sauti, ili asikike mlangoni, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Lakini mgumu zaidi hakuwa Hemedy. Mwanabibi alishavaa ndala, akasimama, akafika katikati ya chumba, ng'ombe akalia, akaitika, akarudi kukaa. Alisema ameelewa yote, na anamwamini daktari. Ila hawezi kumpa mgongo akiwa anaita. Miguu haikubali.

Basi ikabaki kazi moja. Swaumu alitoka. Aliwapigia wenzake wa mifugo Ruangwa, wakamwambia ng'ombe asichunwe wala kuliwa, afunikwe turubai, wao watakuja na vifaa kuchukua kichwa kikapimwe. Akamtafuta kijana wa bodaboda kwa simu aje na pikipiki ya pili. Akaipima dawa ya kulaza, dozi ya ng'ombe watatu. Akazunguka nyuma ya nguzo, akamchoma Nusura sindano kwenye paja.

Majirani walikuwa wameanza kujikusanya nje ya uzio, kina mama watano sita na wazee wawili, hakuna aliyeingia. Walikuwa wanasikiliza. Nusura alilia, na ndani ikaitikiwa. Akalia tena, kwa ufupi. Akapiga magoti ya mbele, akalala ubavu, shingo ikiwa bado imeelekea mlangoni, akatoa sauti ya chini ambayo haikufika mwisho.

"Abee," ikasema nyumba.

Halafu hakikusikika kitu. Swaumu alipiga goti akaweka kiganja ubavuni kwa ng'ombe, akasubiri, akahesabu, moyo ukasimama chini ya mkono wake. Ua mzima ulikuwa kimya. Watu wa kwenye uzio hawakukohoa. Kila mmoja pale alikuwa ametega sikio, na Swaumu pia, mwenye elimu yake na dini yake, alijikuta anasubiri aitwe. Aliona haya. Lakini alisubiri.

Hakuna aliyeita. Baada ya muda kuku mmoja alishuka kwenye bati, na wenzake wakamfuata. Swaumu akamfunika ng'ombe kwa turubai.

Mwanabibi akatoka mlangoni. Hakujifunika mkono. Nguo ilikuwa imepandishwa mpaka begani, na alama zote mbili zilionekana kwenye jua, zambarau juu ya ngozi yake. Alipita karibu na turubai bila kulitazama, akaenda moja kwa moja hadi kwenye uzio, mbele ya majirani, ambako Hemedy naye alikuwa amesogea.

"Tazameni," alisema. "Habibu aliniuma. Nimeficha siku hamsini na moja kwa sababu niliona aibu, nikadhani alikufa akinichukia. Alikuwa mgonjwa. Mbwa alimuuma shambani mwezi wa saba. Hakuniuma yeye, uliniuma ugonjwa."

Kina mama wakaziba midomo. Hemedy alianza kusema kitu, akaketi chini kwenye vumbi pale pale, mzee mzima, miguu imenyooka mbele. Akasema akitazama viganja vyake.

"Mbwa alikuwa wangu."

Mengine yalitoka kwa vipande, na Swaumu aliyapanga baadaye. Mbwa wa kibanda chake alikuwa amebadilika siku mbili, anauma mpaka miti. Alimuuma Habibu, akamuuma ng'ombe puani, na Hemedy akamuua kwa jembe jioni ile na kumfukia mpakani mwa shamba peke yake. Akamdanganya kaka yake kwamba mbwa kakimbilia porini. Habibu alipoanza kukataa maji, yeye alijua, au alikuwa karibu kujua, akaenda kuleta mganga ili mtu mwingine aseme kitu kingine. Na kijiji kilipoanza kunong'ona limbwata, alikaa kimya, kwa kuwa mnong'ono ule ulikuwa unamfunika. Siku hamsini na moja alipita mbele ya mlango wa shemeji yake akimpelekea unga na chumvi.

Bodaboda ilikuwa imefika, inanguruma njiani. Swaumu alimwinua Hemedy kwa kwapa, akamwonyesha mchubuko wake wa mkononi, akamwambia na yeye anakwenda. Hemedy akajinasua. Alisema waende wao. Yeye aachwe, yamfike yaliyomfika kaka yake, ndiyo haki yenyewe.

Mwanabibi alikuwa ameshapanda nyuma ya pikipiki ya Swaumu, amekusanya nguo yake nyeupe isiguse tairi. Akashuka. Akamwendea Hemedy mpaka akasimama mbele yake, na hakupandisha sauti.

"Panda, shemeji," alisema. "Ukifa wewe, nani atawaambia watu kwamba sikumuua mume wangu?"

Hemedy akaenda kushika kiti cha bodaboda. Kisha akawageukia wale waliokuwa kwenye uzio, akaanza kuwasimulia tangu siku ya mbwa.